Bega linalouma ukiinua mkono: mikono ya mtaalamu inatibu, au siku ndizo zinazotibu?

#1 FundiRangi_Igoma

Habari za jioni, wana jukwaa. Mimi ni fundi wa kupaka rangi majumba hapa Mwanza, na kwa muda mrefu sasa bega langu la kulia linauma kila ninapopaka dari au sehemu ya juu ya ukuta. Mkono ukiwa chini siumwi. Ukikaribia usawa wa bega maumivu yanachoma, na ukishapita hapo kwenda juu kabisa yanapungua tena. Usiku siwezi kulalia upande huo. Daktari aliyenipima alisema kwamba kano za bega zinabanwa chini ya mfupa, akanipa njia mbili: kuchomwa begani sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, au kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia ambaye atalishughulikia bega kwa mikono yake mara mbili kwa wiki.

Nimewauliza mafundi wenzangu, na hapa ndipo ninapotaka kuchokoza mjadala. Karibu kila aliyewahi kuumwa hivi alipona, na kila mmoja anasifia kitu tofauti: huyu sindano, yule mazoezi, mwingine bibi wa kuchua kule Kisesa, na mwingine hakufanya lolote zaidi ya kuhamia kazi ya kusaga kuta za chini. Kwa hiyo nadai kwamba bega hupona kwa siku zake lenyewe, na tiba yoyote iliyokuwa karibu wakati huo ndiyo inayopewa sifa. Anayepinga anieleze: mikono ya mtu inafanya nini ndani ya bega ambacho siku zinazopita hazikifanyi?

#2 Fizio_Nyegezi

Pole, Fundi. Swali ni zuri, ingawa limekuja na ubishi ndani yake.

Juu ya kichwa cha mfupa wa mkono kuna paa dogo la mfupa liitwalo akromioni, ambalo ni ncha ya kombe la bega. Kati ya paa hilo na kichwa cha mfupa kuna nafasi nyembamba, na humo hupita kano ya msuli uitwao sapraspinatasi pamoja na kifuko cha ute kinachopunguza msuguano. Maelezo yaliyozoeleka, yaliyoenezwa na daktari wa upasuaji wa mifupa wa Marekani, Charles Neer, katika makala yake ya 1972, ni kwamba mkono unapoinuliwa kano hiyo husuguliwa na paa hilo. Maumivu yanayojitokeza katikati ya safari ya mkono, takriban kati ya nyuzi 60 na 120, kisha yakapungua juu, ni ishara tunayoitafuta kila siku.

Kuhusu mikono: hatukandi kama mtu anayekanda unga. Kwa kawaida mgonjwa hulala chali, mtaalamu hushika sehemu ya juu kabisa ya mkono, karibu na kwapa, na kukisogeza kichwa cha mfupa kuelekea chini au nyuma kwa miondoko midogo inayorudiwarudiwa. Tunalegeza mfuko unaokizunguka kifundo (kiungo) cha bega, hasa upande wa nyuma unaokakamaa, na pia tunashughulikia uti wa mgongo sehemu ya kifua, kwa sababu mgongo uliojikunja hulizuia kombe la bega kugeuka vizuri. Geoffrey Maitland wa Australia aliipanga miondoko hiyo katika madaraja: la 1 na la 2 hayafiki mwisho wa mwendo wa kifundo na hutumika maumivu yakiwa makali, ilhali la 3 na la 4 hufika mwisho na hutumika pale ugumu unapozidi maumivu. Baada ya hapo mgonjwa hupewa mazoezi ya nyumbani. Mikono bila mazoezi ni nusu ya kazi.

#3 Nshomile_wa_Ziwa

Namshukuru Mtaalamu kwa maelezo, lakini msingi wake umetikiswa vibaya, na ni haki Fundi ajue.

Kama tatizo ni nafasi nyembamba, basi kuipanua kwa kisu kungemaliza maumivu. Madaktari walifanya hivyo kwa miongo kadhaa: waliingiza kamera begani na kukwangua sehemu ya chini ya akromioni. Kisha Uingereza likafanyika jaribio lililochapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2018, lenye wagonjwa 313 katika hospitali 32. Kundi la kwanza lilikwanguliwa mfupa. La pili liliingizwa kamera tu, mfupa haukuguswa. La tatu halikufanyiwa chochote. Waliokwanguliwa na walioingizwa kamera tu hawakutofautiana. Makundi hayo mawili yalipata nafuu kidogo kuliko waliosubiri, lakini tofauti ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba watafiti hawakuiona kuwa na maana kwa mgonjwa. Ufini nao walipata matokeo ya aina hiyo hiyo mwaka huo huo, na mwaka 2019 jopo la jarida la BMJ likashauri kwa nguvu kwamba upasuaji huo usifanywe kwa tatizo hili.

Sasa, kama kukwangua mfupa wenyewe hakuongezi kitu, vidole vya mtaalamu vinavyosogeza kifundo kwa milimita chache vitaongeza nini?

#4 Mkerewe_Halisi

Tulijua tu kwamba uzi huu hautafika mbali kabla Bukoba haijaleta majarida ya Ulaya. Nshomile, jina lako la "msomi" umelitendea haki.

Mimi nimevuta nyavu za dagaa tangu ujana, na bega lililoniuma ni la upande ninaovutia kamba. Alinishughulikia mtaalamu wa hospitali, na nilichokiona ni kwamba nilinyanyuka kitandani mkono ukapanda juu kuliko nilivyoingia nao. Lililokuwa haliwezekani asubuhi liliwezekana mchana. Siku zinazopita haziponyeshi kwa dakika ishirini, Fundi, kwa hiyo dai lako lina tundu.

#5 MamaDagaa_Kirumba

Wanangu, mimi nitoe yangu. Bega langu la kushoto lilianza hivyo hivyo nikiwa naanika dagaa. Nikapata mama mmoja hodari wa kuchua, akawa ananichua kwa mafuta ya kondoo na kuuvuta mkono kwa nguvu mpaka natoa machozi. Akaniambia kwamba maumivu yakizidi ndiyo ugonjwa unatoka. Haukutoka. Mkono ulizidi kukakamaa, nikashindwa kusuka nywele za mjukuu na hata kufunga kanga mgongoni. Ilichukua zaidi ya mwaka mkono kurudi, na ulirudi polepole sana. Kwa hiyo mimi niko upande wa Fundi: muda ndio uliniponya, na mikono ndiyo iliyoniumiza.

#6 Fizio_Nyegezi

Pole sana, Mama. Ninaomba kuuliza jambo moja: wakati ule, mtu mwingine alipojaribu kukuinulia mkono wewe ukiwa umeulegeza, ulikubali kwenda? Na je, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, uliweza kuuzungusha mkono kwenda nje?

#7 MamaDagaa_Kirumba

Haukukubali hata kidogo, si kwa mimi mwenyewe wala kwa mtu mwingine. Na nina sukari, kama hilo lina maana.

#8 Fizio_Nyegezi

Lina maana kubwa, Mama. Maelezo yako yanafanana zaidi na bega lililoganda, ambalo ni ugonjwa mwingine: mfuko wa kifundo wenyewe hunywea na kuwa mgumu, na huwapata watu wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko wengine. Huko kulazimisha mkono kwa nguvu wakati wa maumivu makali kunaweza kuyachochea zaidi. Kwa Fundi, mkono unafika juu, ila unauma katikati ya njia. Hizi ni hadithi mbili tofauti, na sehemu ya ubishi wa uzi huu inatokana na watu kulinganisha mabega yasiyo na ugonjwa mmoja.

#9 Mwalimu_Mstaafu_Magu

Nawasalimu nyote. Kuhusu chaguo alilopewa Fundi, sindano au mikono, suala hilo limewahi kupimwa moja kwa moja. Mwaka 2014 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika katika hospitali ya jeshi jimbo la Washington, Marekani, likiwa na wagonjwa 104 wenye tatizo hili katika bega moja. Kundi moja lilichomwa sindano za steroidi, jingine lilipata tiba ya mikono mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, na wote wakafuatiliwa kwa mwaka mzima. Tiba ya mikono ilishinda. Nadhani hilo linamtosha Fundi kufanya uamuzi.

#10 Nshomile_wa_Ziwa

Shikamoo, Mwalimu. Kwa heshima zote, jaribio hilo ninalijua, na halikusema kwamba mikono ilishinda. Kwenye maumivu na uwezo wa kutumia mkono, makundi yote mawili yalipata nafuu ya takriban asilimia 50, na nafuu hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka bila kundi moja kulizidi jingine. Tofauti ilionekana mahali pengine: asilimia 60 ya waliochomwa sindano walirudi kwa daktari kwa ajili ya bega lile lile, ikilinganishwa na asilimia 37 ya waliopata mikono, na asilimia 38 ya waliochomwa walihitaji sindano za ziada, dhidi ya asilimia 20 upande wa pili.

Zaidi ya hayo, jaribio hilo halikuwa na kundi lililoachwa bila tiba. Haliwezi basi kujibu dai la Fundi kwamba wote wangepona kwa siku zao. Makundi mawili yanayofika pamoja yanaweza kuwa yalibebwa na mtumbwi mmoja.

#11 Mwalimu_Mstaafu_Magu

Marahaba. Umerekebisha kwa usahihi, na nimepokea. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mkono, kutorudi hospitali mara kwa mara si jambo dogo la kuweka pembeni. Siku ya foleni ni siku isiyo na ujira.

#12 NesiSengerema

Ninaongeza mambo mawili yanayosahaulika. La kwanza, sindano ya steroidi hupandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari, kwa hiyo mtu kama Mama wa Kirumba lazima amwambie daktari kabla ya kuchomwa. La pili, si kila maumivu ya bega yanatoka begani. Bega la kushoto linalouma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukata si la kupelekwa kwa mchuaji wala kwa fiziotherapia; linaweza kuwa moyo, na mtu huyo akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Bega lenye homa na uvimbe wa moto, au mkono ulioshindwa kabisa kuinuka ghafla baada ya kuanguka, navyo vichunguzwe kwanza kabla mtu yeyote hajauvuta. Na wapo ambao maumivu ya bega yanatoka shingoni, hasa yanaposhuka hadi vidoleni kwa ganzi.

#13 Kipa_Pasiansi

Shukrani, Nesi. Narudi kwa Mkerewe (#4), kwa sababu nami niliona kitu kile kile. Nilikuwa siwezi kudaka mpira wa juu. Mtaalamu hakuligusa bega kwanza. Alinilaza kifudifudi na kunibonyeza mgongo wa juu, kati ya makombe ya mabega, ukalia. Niliposimama mkono ulipanda kwa urahisi. Kano haikupona kwa dakika hizo, hilo ninalikubali. Kilibadilika nini basi?

#14 Fizio_Nyegezi

Hapo hata sisi wataalamu tunagawanyika, na ninaomba nisionekane ninatetea ajira yangu. Wapo wanaosema mgongo ukilegea, kombe la bega hupata nafasi ya kugeuka, na paa la akromioni hupanda pamoja nalo. Wapo wanaosema mlio ule na mguso ule hubadilisha jinsi uti wa mgongo na ubongo unavyopokea taarifa za maumivu, kwa hiyo misuli huachia ulinzi wake na mkono hupanda, ingawa kano iko vile vile. Mimi nimeelekea zaidi upande huu wa pili kadiri miaka inavyokwenda. Sioni aibu kuusema, kwa sababu mgonjwa aliyepata nafuu ya saa chache anaweza kufanya mazoezi ambayo asingeyaweza akiwa na maumivu.

#15 Mwalimu_Mstaafu_Magu

Mmesahau jambo la tatu: mtu kukaa nawe nusu saa, akakusikiliza, akakushika pale panapouma. Nimelazwa mara kadhaa, na ninajua thamani ya mkono usio na haraka. Mama aliyemchua mwenzetu wa Kirumba naye alikuwa na wateja wengi waliomsifu, na sidhani wote walikuwa waongo.

#16 Nshomile_wa_Ziwa

Mwalimu amegusa kitu ambacho kimepimwa. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba kwa pamoja, yalikusanya majaribio 60 ya tiba ya mikono na mazoezi kwa maumivu ya kano za bega, na katika yote hayo yaliona jaribio moja tu la ubora wa juu lililolinganisha tiba hiyo na tiba ya kuigiza. Ni la Australia, la mwaka 2010, wagonjwa 120. Kundi la kuigiza lilipakwa jeli na kupitishiwa mashine ya ultrasaundi iliyozimwa. Wiki kumi zilipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

#17 Fizio_Nyegezi

Kaka Nshomile, malizia hadithi. Katika jaribio hilo hilo, walipopimwa tena wiki ya 22, waliopata mikono na kuendelea na mazoezi walikuwa mbele kidogo kwa nguvu na matumizi ya mkono. Faida ilichelewa, lakini ilionekana.

#18 Nshomile_wa_Ziwa

Ilionekana, ndiyo, na ilikuwa ndogo. Na swali langu ni lile lile: je, iliyoonekana wiki ya 22 ni kazi ya mikono au ya mazoezi waliyoendelea nayo nyumbani baada ya mikono kukoma?

#19 Mkerewe_Halisi

Wakati nyinyi mnahesabu wiki, wengine tunahesabu nauli. Mtu wa Nansio anayeambiwa aje Mwanza mjini mara mbili kwa wiki anapanda meli, analala kwa ndugu na kuacha mtumbwi kwa watu. Hata kama mikono ni dawa, kwa mtu wa kisiwani ni dawa iliyo ng'ambo. Mtaalamu, kuna tunaloweza kufanya wenyewe?

#20 Fizio_Nyegezi

Lipo. Tafuta tyubu ya baiskeli iliyokwisha, uikate iwe mkanda, uifunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Kiwiko kikae ubavuni kimekunjwa, kisha vuta mkanda kwenda nje taratibu, na urudi taratibu zaidi kuliko ulivyokwenda. Geuka, uvute kwenda ndani. Kisha fanya kama unavuta kamba kuelekea tumboni huku ukiyasogeza makombe ya mabega karibu na uti wa mgongo. Kusukuma ukuta ukiwa umesimama nako kunafaa. Maumivu madogo yanayotulia mapema baada ya zoezi yanavumilika. Yakikukesha usiku, umezidisha, punguza. Usitegemee wiki moja. Kwa kawaida tunazungumzia miezi mitatu.

Kwa Fundi: ongeza mpini mrefu kwenye rola yako, ili mkono ubaki chini ya usawa wa bega, na usogeze ngazi badala ya kujinyoosha.

#21 Nshomile_wa_Ziwa

Mkerewe, una sababu ya kufurahi. Uingereza tena, The Lancet mwaka 2021, watu 708 wenye maumivu ya kano za bega: baadhi walihudhuria vipindi vya mazoezi hadi sita na mtaalamu, wengine walipewa kikao kimoja tu cha ushauri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Mwaka ulipokwisha hawakutofautiana. Sindano iliyoongezwa kwa baadhi yao ilisaidia kidogo mwanzoni, kisha faida ikayeyuka. Panda meli mara moja, ujifunze vizuri, urudi kwako.

#22 NesiSengerema

Kikao kimoja kizuri, kaka, si kikao chochote. Huku kwetu mtu anapewa karatasi ya picha, haelekezwi, kisha anaambiwa hakufuata masharti. Wengi wanaolalamika kwamba mazoezi hayakuwasaidia hawakuwahi kusahihishwa hata mara moja.

#23 FundiRangi_Igoma

Nawashukuru wote. Mpini wa rola nimeshaununua. Ila dai langu naona bado limesimama, hata kama limechechemea: Mtaalamu anasema mikono inafungua mlango wa mazoezi, Nshomile anasema mazoezi yanatosha bila mlango kufunguliwa, Mwalimu anasema ni kusikilizwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba bega lisingepona bila hayo yote.

#24 Fizio_Nyegezi

Wapo ambao halikupona, Fundi. Sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni watu waliosubiri zaidi ya mwaka wakiamini kama wewe. Hao huwakuti kwenye jukwaa la mafundi kwa sababu wengi wao walishaacha ufundi.

#25 Mkerewe_Halisi

Nitoe ushahidi wa ziwani, ambao hauko kwenye jarida lolote. Sisi wa dagaa hatuendi kazini siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa. Kila mwezi mabega yetu yanapumzika. Kwa hesabu ya Fundi, tungekuwa tunapona kila mbalamwezi. Kwa kweli maumivu hutulia, kisha yanarudi giza linaporudi, na usiku wa kwanza wa giza ndio mbaya kuliko zote.

#26 Nshomile_wa_Ziwa

Hilo ni jambo zito, na ninalisema bila utani. Maana yake pengine adui si kubanwa kwa kano chini ya paa, bali mzigo unaorudi ghafla kwa kano iliyokaa bila kazi. Kano hulegea nguvu isipotumika. Kama ndivyo, ninyi mngevuta tyubu zenu siku za mbalamwezi, ili giza likirudi lisiwakute mmepoa.

#27 MamaDagaa_Kirumba

Na sisi tunaoanika? Mbalamwezi hatuna dagaa wa kuanika, lakini bega langu liliuma mwezi ukiwepo na usipokuwepo.

#28 Fizio_Nyegezi

La kwako lilikuwa limeganda, Mama, na bega lililoganda halijali kazi wala mapumziko. Ila kwa hili la Nshomile sikubali lote: nina wavuvi ambao usiku wa kwanza wa giza unawaumiza bega la kuvutia tu, na nina wengine ambao unawaumiza yote mawili, hata lile linaloshika ukingo wa mtumbwi. Mzigo peke yake hauelezi hao wa pili. Mkerewe, wewe uko kundi lipi?

#29 Mkerewe_Halisi

La kuvutia tu. Lakini mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kupiga kasia na kushika taa, anaumwa yote mawili, na hajawahi kuvuta wavu.